Mtu wa Koti la Njano

Durban,
Jumapili, 16 Februari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote, tangu mwanzo hadi hapa tulipofika, bila kuruka hata pale ninapoona haya. Shangazi mwenyewe ameniagiza hivyo. Amekaa kitandani anakunja nguo, na kila nikiinua kichwa ananiambia, "Mwandikie Baba ukweli. Usinipambe."

Kwanza nipe hali yako. Kifua kimepoa? Bibi anasema kwenye simu kwamba unakohoa alfajiri tu, lakini Bibi alisema hivyohivyo mwaka ule uliolazwa, kwa hiyo nataka nisikie kutoka kwako. Ile chai ya tangawizi unainywa, au bado unaimwagia mchongoma akigeuka? Mwambie pia asinune ukiniita mke mdogo. Mke mdogo yuko mbali, hawezi kumnyang'anya kitu.

Mimi ni mzima. Shule imefunguliwa nami nimeingia gredi ya kumi. Kizulu changu kimekua, wasichana darasani hawanicheki tena ila nikihesabu. Shangazi naye ni mzima wa mwili. Joto la mwezi huu halina huruma, Babu. Nguo tukizianika ndani hazikauki, chumvi inashikana koponi, na ukuta wa chumba chetu hapa Jacobs unatoka jasho kama mtu. Ukumbuke unyevu huo, kwa sababu ndio uliotuharibia.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa kuwa ulisema simu inakupigia kelele tu sikioni, na kwa kuwa jambo lenyewe ni la kazi yako. Bwana Hamadi wa Pongwe, yule anayeuza vitambaa, anapanda basi keshokutwa kuja Tanga kufunga Ramadhani na watoto wake. Ndiye atakayekukabidhi bahasha hii mkononi. Ndani yake, nyuma ya karatasi hizi, utakuta kitu nimekifunga kwa pamba. Usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Mwaka jana nilikugusia habari za Anko Moodley, lakini kwa juujuu, basi naanza upya. Ni mzee wa Kihindi anayekaa peke yake Westville, katika nyumba yenye miti mingi kuliko majirani. Huku wazee wa Kihindi tunawaita Anko hata kama si ndugu. Siku za kazi Shangazi yuko ghalani Mobeni, na Jumamosi humsafishia Anko nyumba. Jumamosi moja alinichukua nikamsaidie kupangusa madirisha. Anko akanikuta mezani kwake nimeinua kipande cha filamu kwenye mwanga, nimekishika kingo kwa vidole viwili, kama ulivyonizoesha. Nilijua nitagombezwa. Yeye akauliza ni nani aliyenifundisha kushika vile. Nikamwambia babu yangu alikuwa na stodio ya picha, na mimi nilikulia chini ya meza yake. Tangu siku hiyo madirisha yamekuwa ya Shangazi peke yake, na hasahau kulitaja.

Anko anakusanya slaidi. Wewe huhitaji kuelezwa slaidi ni nini, ila najua Bibi atakusomea barua hii kwa sauti na atauliza. Bibi, ni kipande kidogo cha filamu ya rangi kilichobanwa kwenye fremu ya karatasi ngumu. Picha yake iko sawasawa na macho yalivyoona, haikugeuzwa kama negativu, na ukikipitisha kwenye mashine yenye taa, picha inajaa ukuta mzima.

Hakusanyi slaidi za kila kitu. Anakusanya za tamasha moja la muziki wa roki, lililofanyika kwenye bonde nje ya mji alipokuwa kijana. Anasema watu wa huku wanalikumbuka mpaka leo kwa sababu halikuwahi kutokea jingine la namna ile: magitaa mchana kutwa, mvua, nywele ndefu, matope hadi magotini. Zamani hizo sheria iliwatenganisha watu kwa rangi zao, na tamasha lilikuwa la Wazungu. Waliojenga jukwaa walikuwa Waafrika. Waliobeba nyaya na spika walikuwa vijana wa Kihindi, Anko akiwa mmoja wao. Ilitakiwa wakimaliza kazi waondoke. Hawakuondoka. Walipanda kilima kilichokuwa ng'ambo ya uzio wakakaa kwenye nyasi kusikiliza, na wengine wakacheza. Anko alikuwa na kamera ya kuazima. Picha zake zilisombwa na mafuriko pamoja na nusu ya nyumba ya wazazi wake, na tangu hapo amekuwa akitafuta zilizopigwa na wengine.

Nilimuuliza kwa nini asitosheke na picha zilizo vitabuni, maana zipo nyingi. Akafunua kitabu kikubwa akanionyesha mwimbaji mwenye nywele za dhahabu amefumba macho. Kisha akanipa slaidi yenyewe, ile ya asili iliyozaa picha ile. Babu, ilikuwa picha ileile lakini pana zaidi. Waliotengeneza kitabu walikata upande wa kushoto. Na upande huo ndiko kulikokuwa na kilima, na juu yake watu wadogo kama punje za ufuta, weusi na wa maji ya kunde, wamekaa.

"Kwenye nakala hatupo," Anko akaniambia. "Kwenye asili tupo."

Kwa hiyo kila Jumamosi kazi yetu ilikuwa hiyo. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, hakuona ila mwanga na kivuli. Mimi niliweka slaidi juu ya kisanduku cha taa, nikainama na lenzi, nikamsimulia. Mwimbaji ana shati la zambarau, namwambia. Anatikisa kichwa, hana haja naye. Kilimani je? Nikimwambia kilimani yupo mwanamke na mwavuli, anakaa wima kabisa, anataka nimweleze mwavuli una rangi gani na mwanamke anaangalia wapi. Kuna siku nilimtajia kijana mwembamba aliyebeba nyaya begani, akasema huenda ni yeye au huenda ni binamu yake, walikuwa wembamba wote.

Sasa nakuja kwa Gogo Nomusa. Gogo ni bibi kwa Kizulu. Anko aliomba redioni kwamba mwenye slaidi ya tamasha lile ajitokeze, na wiki chache baadaye Gogo akaja kutoka Umlazi kwa taksi mbili, ndizo daladala za huku, akiwa na slaidi moja ameifunga kwenye leso na leso ameiweka kifuani. Aliifungua polepole, tabaka kwa tabaka. Nikaiweka kwenye taa.

Ilikuwa picha ya kilima. Wote wamekaa, mmoja tu amesimama: mwanaume mwenye koti la mvua la njano, mikono juu, kichwa amekirudisha nyuma, anacheza. Kwa macho ya kawaida ni alama ndogo ya njano, lakini kwa lenzi unamwona uso, na unaona anacheka. Ni mume wa Gogo, marehemu Bheki. Alikuwa mmoja wa waliojenga jukwaa, na koti ni la kampuni. Kijana wa Kizungu aliyempiga picha alikuja kufanya naye kazi kiwandani baadaye, akampa slaidi yenyewe. Hawakuwahi kuwa na mashine ya kuiangalia. Miaka yote Gogo amekuwa akimwangalia mumewe kwa kuinua slaidi dirishani. Picha nyingine zote ziliungua nyumba yao ilipoungua, na hii ilipona kwa sababu siku hiyo ilikuwa kifuani.

Alitaka kitu kimoja tu, Anko ampigie picha kubwa ya ukutani kutoka kwenye slaidi hiyo.

"Nawaambia wajukuu wangu kwamba alikuwa akicheka kwa mwili mzima," alisema. "Wananiitikia kwa adabu tu."

Anko akamuahidi. Lakini Desemba ilikuwa karibu, na Desemba alikuwa anakwenda kwa binti yake Johannesburg kufanyiwa upasuaji wa macho. Alimwomba Gogo avumilie hadi atakaporudi, kwa sababu alitaka amwone Bheki kwa macho yake mwenyewe kabla hajamtengeneza. Akaiweka slaidi kwenye kopo lake la bati la biskuti, pamoja na nyingine alizopata mwaka huo. Nyumba ingebaki tupu na wezi wanapenda nyumba tupu za Westville, basi akasema kopo nikae nalo mimi. Gogo alinitazama mimi, si Anko.

"Basi nimempa huyu," akasema.

Babu, maneno hayo nayasikia hata nikiwa napiga mswaki.

Kopo nililiweka kabatini, chini ya sare zangu za shule. Lilikuwa zuri, kifuniko kinabana sawasawa, na ndani Anko alikuwa ameweka vifuko vidogo vyeupe vya chumvi ya kukaushia, vya kunyonya unyevu, sawa na ule mchele uliokuwa ukiufunga kwenye kitambaa na kuutia kwenye makopo ya negativu. Nilipoviona nilikukumbuka. Sikumweleza Shangazi ni vya nini. Mtu haelezi jambo ambalo kwake ni la kila siku, na hapo ndipo ninapojilaumu zaidi.

Kisha nikaenda Pietermaritzburg na wasichana wenzangu wa madrasa, kwenye kambi ya kuhifadhi Kurani.

Nikiwa huko, binti wa Anko alimpigia simu Shangazi kumwambia kuna mtu anakwenda Johannesburg kwa gari, na kama kuna chochote cha Anko kinachotakiwa kupelekwa apewe. Shangazi akakumbuka kopo. Aliona ni la mgonjwa, limekaa kwetu, na sasa linapata nafasi ya kurudi kwake. Unajua Bibi alivyowalea. Sahani ya mtu ikiingia nyumbani kwenu haitoki kavu, na kwa mgonjwa ndiyo kabisa. Akakesha, hapana, alikaa jikoni jioni nzima akakaanga visheti. Slaidi akazitoa kwa uangalifu wote, akaziweka kwenye kopo la plastiki la aiskrimu alilolisafisha dakika hiyo, akalifunika, akalifunga na kanga, akaliweka juu ya rafu ya jiko, mahali ambapo watoto wa jirani hawafiki. Vile vifuko vyeupe alidhani ni dawa ya mende. Akaona hatari, dawa ya mende na chakula cha mgonjwa, akavitupa na kulisafisha kopo mara mbili. Likaenda Johannesburg limejaa visheti hadi juu.

Niliporudi na kukuta halipo, alinionyesha kwa kidole. "Vitu vyako viko pale juu, salama salimini." Nikatazama. Nikaona kopo la plastiki limefungwa vizuri na kanga yake anayoipenda. Sikulifungua. Niliona mfuniko, nikatosheka na mfuniko, nikaendelea na likizo yangu. Chini yake birika lilikuwa likichemka asubuhi na jioni.

Anko alirudi mwishoni mwa Januari. Alikuja mlangoni mwenyewe kutupokea, akanitazama usoni, akacheka akisema alidhani mimi ni mrefu zaidi. Visheti alivisifia, akasema manesi walimwibia nusu. Lakini nilimwona akilitazama kopo la plastiki mikononi mwangu, kisha akanitazama tena, na kicheko kikapungua kidogo kidogo. Aliuliza, kama kopo lake la bati lilimfikia lina visheti, slaidi zimekuwa ndani ya hili tangu lini? Shangazi akamjibu kwa furaha, tangu kabla ya mwaka mpya.

Tulilifungua mezani. Mfuniko ulikuwa na matone kwa ndani.

Ukungu, Babu. Nyuzi nyeupe kama za buibui, zimetoka kwenye fremu zile za karatasi zikaingia kwenye filamu. Nyingine zilikuwa zimeshikana, na Anko alipojaribu kuzitenganisha rangi ya moja ilibaki kwenye mwenziwe. Kwa macho yake mapya, hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona cha tamasha lake. Hakupiga kelele. Aliniambia nitafute ya Gogo. Nikaiweka kwenye taa. Nyuzi zilianzia pembe ya chini, zikapanda kilima chote, zikawafunika waliokaa, zikafika kwenye mkono wa koti la njano. Uso zilikuwa hazijaufikia. Kati ya ukungu na uso wa Bheki pamebaki nafasi nyembamba kama ncha ya kucha.

Anko akainama na lenzi. "Kweli anacheka," akasema, na akaondoka kwenda kusimama bustanini.

Shangazi alikuwa bado ameshika kitambaa cha vumbi. Aliuliza kama ukungu unapanguswa. Nikamwambia hapana, unakula picha yenyewe. Ndipo akaelewa, na akakaa chini palepale sakafuni.

Nyumbani, siku kadhaa Shangazi alipika bila kuonja. Chai ilikuwa haina sukari na hakuna aliyelalamika. Mama Béa, jirani yetu Mkongo wa chumba cha pili, alikuja kuuliza kama kuna msiba. Nilipomwonyesha slaidi mojawapo niliyokuja nayo aliinusa kama muhogo. "Mutoto, hii kitu iko inakula polepole," akasema. "Usipanguse na maji. Maji itaimaliza." Na nilijua ni kweli, kwa sababu nakumbuka mwaka paa la stodio lilipovuja na negativu za harusi zikaota ukungu. Wasaidizi wako walitaka kuziosha, ukawafukuza chumbani. Ulitumia spiriti, pamba na brashi ya manyoya laini, ukakaa nazo siku nzima huku bi harusi akilia kwenye benchi la nje. Nilikuwa chini ya meza. Nilikuwa mdogo mno kuona mikono yako inafanya nini huko juu. Naona miguu yako tu, miwili, imetulia kabisa.

Huku tumeuliza. Waliokuwa wakisafisha filamu mjini wamefunga maduka, mmoja sasa anauza simu. Anko mwenyewe hathubutu. Anasema kazi yake ilikuwa kubeba nyaya, na hawezi kujifunzia kwa mume wa mtu. Kijana mmoja wa duka la picha alipiga nakala ya slaidi ilivyo, akatuambia tusihangaike, kompyuta yake itaondoa ukungu na kumng'arisha Bheki tukiwa tunangoja. Na kweli ilifanya hivyo. Ilitoa mwanaume mwenye koti la njano safi, uso mkubwa, meno yote yanaonekana. Tukampelekea Gogo. Alivaa miwani, akaitazama picha kwa adabu.

"Kijana mzuri," akasema. "Ni nani?"

Nimetangulia kidogo. Kabla ya hapo ilibidi Gogo aambiwe. Anko alitaka kwenda yeye, akisema slaidi ilikuwa chini ya dhamana yake. Mimi nilitaka niende kwa sababu ni mimi niliyepewa. Shangazi akatukatalia wote wawili. Alipika pilau, akaijaza bakuli lile la maua ulilompa mlipoagana, akavaa baibui lake la Idi, akaniambia nifuate kwa ajili ya Kizulu tu, nisifungue mdomo kwa ajili ya kitu kingine. Tulipanda taksi mbili, kama Gogo alivyofanya. Kwenye robot ya mwisho kabla ya kwao, robot ndiyo taa za barabarani, alinishika mkono.

Alimwambia Gogo kila kitu mwenyewe. Kopo, visheti, vifuko, rafu ya jiko. Mimi nilitafsiri nikiangalia zulia. Hakusema "nilidhani" hata mara moja, alisema "nilifanya". Gogo alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaomba slaidi, akaenda nayo dirishani, akaiinua. Alikaa pale muda mrefu mgongo wake ukiwa kwetu. Nilitaka apige kelele, Babu. Nilitaka mtu yeyote katika jambo hili apige kelele.

Alipogeuka aliuliza kitu ambacho sikukitegemea. Aliuliza visheti vilikuwa vya namna gani. Shangazi akamweleza, unga, nazi, iliki, shira ya sukari. Gogo akasema mumewe alipenda vitu vitamu. Halafu akalia kidogo, na Shangazi akalia, na mimi sikuwa na la kutafsiri.

Tulipoaga, bakuli letu lililetwa kutoka jikoni. Lilikuwa limesafishwa, na ndani yake kulikuwa na magimbi ya kuchemsha, bado yana moto, yamefunikwa kwa taulo. Shangazi alilipokea kwa mikono miwili. Njia nzima alilipakata mapajani, na nyumbani alikula gimbi moja taratibu kama dawa.

Slaidi sasa iko kwa Anko, kwenye kopo lake la bati, na vifuko vipya. Gogo alikubali ibaki huko kwa sababu nyumbani kwake pia kuna unyevu. Anko anaitazama kila siku na kusema ukungu umesimama. Mimi nikiitazama siku za Jumamosi nahisi haujasimama, umepunguza mwendo tu. Sijamwambia.

Siku ile tulipompelekea picha ya kompyuta, nilimweleza Gogo habari zako tukiwa tumesimama dirishani kwake. Nilimwambia kuhusu paa lililovuja na bi harusi wa kwenye benchi, na kwamba aliondoka na picha zake zote. Nilimwambia ulifunga stodio kwa kuwa watu waliacha filamu, si kwa kuwa kazi ilikushinda. Nilijisifia mno, nakiri. Gogo akafikiri. Alisema kompyuta imemletea mgeni, mashine hawezi kuiamini tena, lakini mtu aliyewahi kuokoa sura ya bi harusi, yuko tayari kumkabidhi mumewe. Kisha akaniuliza swali moja, kwa upole, kama anavyouliza mtu aliyezeeka kuhusu mzee mwenzake. Nilishindwa kulijibu.

Nilikumbuka asubuhi niliyosafiri. Ulinimiminia chai, ikamwagika kwenye kisahani, ukasema kikombe kimejaa kupita kiasi. Hakikuwa kimejaa, Babu. Mimi nilikiona. Nikanywa chai, nikacheka na wewe, nikaenda kupanda basi. Nimekuwa nikijuta tangu Gogo aniulize, kwamba nilicheka badala ya kukushika.

Sasa fungua pamba. Hiyo ni slaidi ya asili kutoka kwenye kopo letu, iliyoharibika sana. Ni nguzo ya jukwaa na matope tu, hakuna mtu ndani yake, si mbele wala kilimani. Anko ameitoa kwa moyo mweupe ili ujaribie. Usiionee huruma. Iweke mezani pako, karibu na dirisha la uani ambapo mwanga ni mzuri, chukua spiriti na ile brashi yako, ufanye kama ulivyofanya siku ile. Ikiharibika, imeharibika. Ila unieleze kilichotokea kama mimi nilivyokueleza, bila kujipamba. Ikitoka safi, Shangazi ana likizo mwezi wa sita na amesema atamleta Bheki mwenyewe hadi mlangoni kwako, kifuani kwake, ndani ya leso. Na ikiwa haiwezekani, basi niandikie kila hatua, pamba unailowesha kiasi gani, unaanzia wapi, unaacha lini. Vidole vyangu havitetemeki, navyo vilianzia kwako. Lakini ningependa iwe wewe, na Gogo naye angependa iwe wewe.

Nisalimie Bibi, umwambie visheti vyake vimesifiwa hospitali nzima, hilo ni kweli na lisipotee katikati ya haya mengine. Baba akirudi kutoka shambani mwambie ripoti yangu ya shule ni nzuri, hisabati peke yake ndiyo inayosuasua. Mdogo wangu Idrisa asiguse kitu kilicho kwenye pamba, mwambie nitajua. Shoga yangu wa ukuta wa pili, Mwanahamisi, nimeisikia habari ya posa yake na nimefurahi, ingawa nilitaka kuwepo. Na fundi Jumbe mshona viatu, rafiki yako wa bao, namwomba akuache siku moja ufanye kazi.

Shangazi amemaliza kukunja nguo. Anauliza kama nimeandika yote, nami nimemwambia limebaki moja. Anakuamkia na anaomba radhi yako kama binti. Bwana Hamadi anarudi huku baada ya Idi, hatakaa Tanga zaidi ya hapo, basi jibu lako liwe tayari mfukoni mwake.

Ni mimi, mke wako mdogo na mjukuu wako, Rehema, ninayekuuliza kwa niaba ya Gogo na kwa niaba yangu, kile nilichoshindwa kujibu dirishani kwake: mikono yako, Babu, siku hizi inatulia?